Ma wa Farasi na Ma wa Muhammad

Mara ya kwanza nilipomwona Mchina akiswali ilikuwa Ijumaa moja ya kiangazi, katika Msikiti wa Gaddafi hapa Dodoma. Alikuwa safu moja mbele yangu, amevaa kofia nyeupe isiyo na darizi na shati la kazi ambalo kola yake ilikuwa imeshika vumbi jekundu la barabarani. Nakiri kwamba swala yangu siku ile haikuwa na utulivu unaotakiwa, kwa kuwa macho yalikuwa yakinitoroka kila tulipoinuka kutoka kwenye rukuu. Baada ya swala tulikutana mahali pa viatu, nikamtolea salamu, naye akaiitikia kwa ukamilifu wake, kisha akajitambulisha kwa Kiswahili cha watu wanaojenga barabara: jina lake la ukoo ni Ma, lakini msikitini watu wamezoea kumwita Yusufu.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa, mwalimu mstaafu wa somo la historia, na maradhi ya walimu wa historia ni kwamba hawastaafu. Nilikuwa nimewahi kusoma kwamba watu wa ukoo wa Ma wametokana na jemadari mmoja wa China ya kale, aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na nilikuwa nimeshangazwa na watu wanaoweza kumtaja babu wa umbali huo ilhali wengi wetu tukishavuka babu wa nne tunaanza kukisia. Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata nilimsalimia kama mjukuu wa jemadari, nikamsimulia na vita ambavyo babu yake alishinda. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akacheka na kusema, "Mwalimu, umenipa babu ambaye si wangu."

Tangu siku hiyo tumezungumza jioni nyingi kibarazani kwangu Chang'ombe, yeye akija na majani yake ya chai ya kijani ndani ya chupa, kwa sababu chai yetu ya maziwa na sukari anaihesabu kuwa uji. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa kusoma na kwa kumsikiliza, na nitaanza na yule babu niliyemtwika, maana ijapokuwa si wake, ni babu anayestahili kusimuliwa.

Katika karne ya 3 kabla ya Kristo China ilikuwa bado haijawa dola moja. Falme saba kubwa zilikuwa zikipigania ardhi, na mmojawapo ulikuwa ufalme wa Zhao, ambao mji wake mkuu ulikuwa Handan, katika jimbo ambalo leo linaitwa Hebei. Huko aliishi Zhao She, ambaye hakuanza kazi kama askari bali kama mtoza kodi za mashamba. Mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika takriban miaka 170 baadaye, anasimulia kwamba nyumba ya Bwana wa Pingyuan, ndugu yake mfalme mwenyewe, ilikataa kulipa kodi, na Zhao She akawahukumu wasimamizi 9 wa nyumba hiyo kwa mujibu wa sheria na kuwaua. Bwana wa Pingyuan alipotaka kumwua naye, mtoza kodi alimjibu kwamba nyumba ya mkubwa ikiidharau sheria, sheria hudhoofika, na sheria ikidhoofika nchi hudhoofika, na nchi ikiangushwa na jirani zake huo utajiri wa mkubwa utakaa wapi? Mkubwa alielewa, na badala ya kumwua akampendekeza kwa mfalme asimamie kodi za nchi nzima. Katika mji huu wa watumishi wa umma nimekisimulia kisa hiki mara kadhaa, na kila mara hapakosi mtu wa kuuliza kama mtoza kodi huyo alikuwa na kibali cha maandishi.

Mwaka 270 KK jeshi la ufalme wa Qin lilizingira mahali pa milimani paitwapo Yuyu. Majemadari wazoefu walimwambia mfalme kwamba njia ya kwenda huko ni ndefu na nyembamba mno, hivyo wokovu hauwezekani. Zhao She alipoulizwa alisema kwamba mahali pa namna hiyo vita ni kama panya wawili wanaopigana ndani ya shimo, na atakayeshinda ni yule aliye jasiri zaidi. Alitoka na jeshi, akapiga kambi karibu na mji na kukaa hapo siku 28 akijenga boma kana kwamba ameogopa, hata maadui wakaacha kumhofia. Kisha aliondoka kwa ghafla, akatembea siku mbili na usiku mmoja, akatwaa kilima cha kaskazini kabla ya Qin, na kutoka juu ya kilima hicho akawavunja. Mfalme alimtunuku cheo cha Bwana wa Mafu. Katika Kichina "ma" ni farasi na "fu" ni kutiisha, kwa hiyo Mafu ni mahali ambapo jina lake linasema habari ya kutiisha farasi. Wazao wake walilichukua jina la cheo hicho kuwa jina la ukoo, na baadaye wakaiacha silabi ya pili, ikabaki Ma.

Kwa nini wazao wa Zhao She waliacha jina kubwa la Zhao, jina la nyumba ya kifalme, na kushika jina la cheo? Hapa wazee wa ukoo husimulia habari ya mtoto wake, Zhao Kuo, aliyekuwa hodari wa kuzungumza vita kuliko kupigana. Mama yake mwenyewe alimwandikia mfalme asimpe jeshi, na mfalme alipokataa shauri hilo, mama aliomba ahadi kwamba mwanawe akishindwa yeye asiadhibiwe. Mwaka 260 KK, huko Changping, Zhao Kuo alishindwa na kuuawa, na Sima Qian anaandika kwamba askari zaidi ya 400,000 wa Zhao waliangamia, wengi wao wakiwa wamekwisha kujisalimisha. Mama aliponea kwa ahadi ile. Kwamba aibu ya Changping ndiyo iliyowafanya wazao waukimbie ukoo wa Zhao ni maelezo yanayopendeza, lakini mimi nayachukulia kama ninavyochukulia kisa cha tembo aliyedidimia ambacho Wagogo hutueleza jina la Dodoma: ni maelezo mazuri, na yamekuja baada ya jina.

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo hulioni usipojua namna Wachina wa kale walivyohesabu nasaba. Zamani mtu wa tabaka la juu alikuwa na majina mawili ya asili. La kwanza liliitwa xing, nalo lilikuwa jina la ukoo mkubwa wa kale kabisa. Alama inayoliandika neno hilo imeunganishwa kwa alama ya mwanamke na alama ya kuzaa, na mengi ya majina hayo ya kale yana alama ya mwanamke ndani yake, jambo ambalo limewafanya wengi wafikiri kwamba hapo mwanzo nasaba ilihesabiwa upande wa mama, kama ilivyo mpaka leo kwa jirani zetu Waluguru na Wakaguru. La pili liliitwa shi, nalo lilikuwa jina la tawi, lililotokana na mji ambao babu alipewa, au cheo, au kazi. Xing ilikuwa ya kuzuia ndugu wasioane, na shi ilikuwa ya kuonyesha heshima. Baada ya Qin kuziunganisha falme zote mwaka 221 KK, na hasa chini ya dola ya Han iliyofuata, tofauti hiyo ilikufa, majina hayo mawili yakawa kitu kimoja, na hata mkulima wa kawaida akawa na jina moja la ukoo analorithi kwa baba na kumrithisha mwanawe.

Zhao na Ma yote mawili yalikuwa shi. Xing yao ya kale ilikuwa Ying. Na jina la Zhao lenyewe, kwa maelezo ya Sima Qian, lilianza kwa Zaofu, mwendesha magari ya farasi wa Mfalme Mu wa Zhou, aliyepewa mji wa Zhao kwa ustadi wake huo. Wafalme wa Qin nao walikuwa wa xing ya Ying, kupitia babu mwingine aliyepewa ardhi kwa sababu ya kufuga farasi wa mfalme. Kwa hiyo vitani Yuyu waliopigana walikuwa watu wa ukoo mmoja wa kale, wote wakiwa wazao wa wachunga farasi. Nilipomweleza Yusufu habari hii alisema kwamba sasa anaelewa kwa nini walijuana vizuri namna hiyo hata wakaweza kuuana.

Alama yenyewe ya "ma" ilianza kama picha. Katika maandishi ya Kichina ya kale kabisa yanayojulikana, yaliyochongwa juu ya mifupa na magamba ya kasa huko Anyang takriban miaka 3,200 iliyopita, farasi huchorwa akiwa na jicho kubwa, manyoya ya shingoni, miguu na mkia. Polepole picha ikanyooka ikawa mistari 10, na katika maandishi yaliyorahisishwa na serikali katika miaka ya 1950 ikawa mistari 3 tu. Sisi wa Kondoa tumezaliwa karibu na michoro ya miambani ya Kolo, na nilipompeleka Yusufu kuiona, aliwatazama twiga na wale watu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, akasema kwamba kama wachoraji hao wangeendelea kuchora kitu kilekile kila siku kwa miaka 1,000, nasi tungekuwa na maandishi. Sikubishana naye.

Ukoo wa jemadari haukufutika pamoja na Zhao. Historia ya dola ya Han inasema kwamba katika enzi ya Mfalme Wu, ofisa mmoja wa ukoo huo alihamishwa kutoka Handan kwenda Maoling, katika wilaya ya Fufeng, si mbali na mji wa Xi'an wa leo, na Fufeng ndiko ambako mpaka leo watu wengi wa Ma huandika kuwa ni kwao. Mwaka 88 KK ukoo huo uliingia aibuni. Ma Heluo aliingia chumba cha mfalme akiwa na kisu mkononi, akajikwaa kwenye ala ya muziki, na aliyemkumbatia na kumwangusha alikuwa Jin Midi, mtoto wa mkuu mmoja wa wafugaji wa kaskazini, aliyeletwa mateka na kuwekwa katika zizi la kifalme kuchunga farasi. Jina la Jin, maana yake dhahabu, alipewa na mfalme. Hivyo mtu aliyeitwa Farasi alikamatwa na mchunga farasi.

Ukitafuta habari hiyo katika historia ya Han hutamkuta Ma Heluo. Utamkuta Mang Heluo. Wafafanuzi wa kale wanaeleza kwamba kizazi cha baadaye kilitoa malkia kutoka ukoo huo huo, na malkia huyo alichukizwa kuwa na mwasi katika nasaba yake, basi jina la mwasi likabadilishwa kwenye maandishi. Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na sijapata mfano mzuri kuliko huu wa jamaa kumtoa mtu katika ukoo kwa kalamu.

Baba wa malkia huyo alikuwa Ma Yuan, aliyezaliwa mwaka 14 KK, na kwangu yeye ndiye mkubwa wa wote walioitwa kwa jina hili. Alikuwa jemadari aliyependa farasi kwa dhati. Baada ya kuuzima uasi wa dada wawili wa ukoo wa Trung katika nchi ambayo leo ni Vietnam, mwaka 43, alizitwaa ngoma za shaba za huko, akaziyeyusha, na kutengeneza sanamu ya farasi mwenye vipimo vyote vya farasi bora, akaipeleka kwa mfalme iwe kielelezo cha wanaochagua farasi wa jeshi. Alisema kwamba mwanamume anapaswa kufa mpakani na kurudishwa akiwa amefungwa ndani ya ngozi ya farasi. Alipokuwa na umri wa miaka 62 aliomba apewe jeshi tena, na mfalme alipositasita kwa sababu ya uzee wake, alipanda farasi na kumzungusha mbele ya mfalme mpaka mfalme akacheka na kumruhusu. Alifia huko mwaka 49, kwa maradhi yaliyolishambulia jeshi lake. Kisha yakaja masengenyo. Aliporudi kutoka Vietnam alikuwa amebeba mkokoteni wa punje za nafaka fulani nyeupe ya dawa, ambayo alikuwa akiila huko ili kujikinga na homa za nchi ya joto, akitaka kuipanda kwao. Sasa amekufa, watu wakamwambia mfalme kwamba zile zilikuwa lulu. Mfalme alikasirika, na mjane na watoto hawakuthubutu kumzika katika makaburi ya ukoo. Walihitaji kuandika maombi mara 6 kabla ya kuruhusiwa kumzika kama inavyostahili. Binti yake, aliyekuja kuwa malkia mwaka 60, alikuwa mtoto mdogo wakati huo, na labda ndiyo maana aliposhika heshima hakutaka waasi katika nasaba yake, wala hakuwa mwepesi wa kuwatafutia kaka zake vyeo.

Huo ndio ukoo niliompa Yusufu kama zawadi, naye akaukataa. Sababu yake ni fupi. Yeye anatoka Linxia, katika jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi mwa China, mji ambao Wachina wenyewe huuita Makka ndogo kwa wingi wa misikiti yake. Yeye ni Mhui, yaani Mchina Mwislamu, na Ma yake haikutoka kwa farasi. Imetoka kwa Muhammad.

Maandishi ya Kichina hayana herufi zinazoweza kupangwa kuandika sauti yoyote. Yana alama, na kila alama ni silabi yenye maana yake. Jina la kigeni linapoingia lazima livikwe alama za silabi zilizopo. Katika maandishi ya enzi ya Ming, wafalme waliotawala China baada ya Wamongolia, jina Muhammad liliandikwa kwa alama tatu, Ma-ha-ma, na alama ya kwanza ilikuwa ileile ya farasi. Mahmud naye alianza kwa alama hiyo hiyo, na Mas'ud pia aliweza kuanza nayo. Mchina hutaja jina la ukoo kwanza, kisha jina lake mwenyewe, na jina la ukoo mara nyingi ni silabi moja. Basi silabi ya kwanza ya jina la mzee ikawa jina la ukoo, na Muhammad akawa Ma. Msomaji asione ajabu. Hapa kwetu Mohamedi tunamwita Mudi, na mtu anaweza kuishi mtaani miaka 20 akiwa Mudi, mpaka siku ya msiba ndipo baadhi ya majirani wakajua jina lake kamili. Tofauti ni kwamba Mudi wetu hamrithishi mwanawe jina hilo.

Waislamu walikuwa wamefika bandari za China tangu karne za mwanzo za Uislamu, lakini wengi waliingia chini ya utawala wa Wamongolia, katika karne za 13 na 14, wakitoka Asia ya Kati na Uajemi wakiwa maofisa, mafundi, askari na wafanyabiashara. Mmoja wao, Sayyid Ajall Shams al-Din wa Bukhara, alitawala jimbo la Yunnan tangu mwaka 1274. Mtoto wake aliitwa Nasr al-Din, na wazao wake husimulia kwamba jina hilo moja lilikatwa vipande, kila tawi likachukua kipande chake: Na, Su, La na Ding. Utawala wa Wamongolia ulipoangushwa mwaka 1368, watawala wapya wa Ming walipiga vita mavazi na desturi za kigeni, na mtu aliyekuwa na jina refu la Kiajemi aliona ni salama zaidi kuwa na jina linalofanana na la jirani yake. Ma lilifaa kuliko yote: lilikuwa ndani ya jina la Mtume, na papo hapo lilikuwa jina la kale la Kichina lenye heshima yake, ambalo hakuna karani aliyeweza kulitilia shaka. Wahui wana msemo kwamba kati ya Wahui 10, 9 ni Ma. Msemo unatia chumvi, lakini Yusufu anasema kwamba darasani kwao mwalimu akiita "Ma" walikuwa wakisimama nusu ya wanafunzi.

Hapo ndipo yule babu wa pili anapoingia, ambaye sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kumdai kidogo. Zheng He, kiongozi wa msafara mkubwa wa meli za China, alizaliwa Yunnan mwaka 1371 akiwa mtoto wa ukoo wa Ma. Mwaka 1405, kabla ya kusafiri kwa mara ya kwanza, alimsimamishia baba yake jiwe la kaburi huko Kunyang, nalo bado lipo. Jiwe hilo linasema kwamba jina la ukoo wa baba ni Ma, na kwamba baba huyo na babu wa Zheng He wote wawili waliitwa Hazhi. Mswahili hahitaji kamusi hapo: ni Haji. Walikuwa wamekwenda kuhiji, na jina la safari likawa jina la mtu, kama ilivyo Unguja. Jiwe linasema pia kwamba bibi wa baba huyo alikuwa naye wa ukoo wa Ma.

Mtoto huyo alitekwa jeshi la Ming lilipoiingia Yunnan, akahasiwa, akawekwa kumtumikia mwana wa mfalme aliyekuja kuwa Mfalme Yongle. Kwa utumishi wake vitani, mfalme alimpa jina la ukoo la Zheng mwaka 1404, na kwa hiyo mtu mashuhuri kuliko wote wa ukoo huu anajulikana duniani kwa jina la ukoo mwingine. Meli zake zilisafiri mara saba kati ya mwaka 1405 na 1433, na baadhi zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga, na watu wa baraza walimpokea kama qilin, mnyama wa hadithi ambaye huonekana tu zama za mtawala mwadilifu. Mkalimani katika msafara huo, aliyeandika kitabu cha safari hizo, naye alikuwa Mwislamu na naye alikuwa Ma: Ma Huan. Zheng He hakuwa na watoto wa kuzaa. Alimlea mtoto wa kaka yake, na wazao wa mtoto huyo, ambao kwa damu ni wa Ma, mpaka leo hujiita Zheng.

Wapo na wa tatu, ambao nitawataja tu: Wamanchu, watu wa kaskazini-mashariki, waliokuwa na jina refu la ukoo, Magiya, walilifupisha wakawa Ma. Wapo pia wale wa kusini wanaolitamka tofauti. Wafujian huliita Be, na mtu anaweza kuwa Ma nyumbani na kitu kingine katika pasipoti ya Singapore. Ma leo ni miongoni mwa majina 20 yanayobebwa na watu wengi zaidi China, na kwa hayo yote hesabu ya watu haiulizi ni Ma yupi.

Nilimwuliza Yusufu kuhusu ndoa, kwa sababu mwiko wa kale wa Wachina ulikuwa mkali: watu wa jina moja la ukoo hawaoani, na mpaka mwishoni mwa enzi ya Qing, nasaba ya mwisho ya wafalme wa China, mwanzoni mwa karne ya 20, sheria ya dola iliukataza muungano huo. Huku kwetu jambo hilo halihitaji maelezo. Kijana wa Kigogo akienda kuposa, wazee huuliza kwanza ukoo na mwiko wake kabla hawajauliza ng'ombe. Yusufu alicheka tena. Mama yake ni Ma. Mke wake ni Ma. Mke wa China haachi jina la baba yake anapoolewa, na Linxia mtu asiyetaka kuoa Ma atachelewa sana kuoa. Wanachokiangalia wao ni udugu wa karibu wanaoufahamu kwa kumbukumbu, si alama inayoandikwa. Huo, kwa maoni yangu, ni ushahidi mkubwa kuliko jiwe lolote kwamba Wahui wenyewe hawakuwahi kuamini kwamba jina hili ni damu moja.

Nikamwuliza kuhusu kitabu cha nasaba, kile ambacho koo nyingi za China huandika kizazi kwa kizazi, pamoja na shairi ambalo kila neno lake hupewa kizazi kimoja kiwe sehemu ya majina yao, hata ndugu wawili wasiojuana wakikutana wakaweza kujua nani ni baba mdogo wa nani. Kwao hakuna. Linxia, ambayo zamani iliitwa Hezhou, ilipita katika vita vya Wahui na dola ya Qing kuanzia mwaka 1862, baadaye ikawa chini ya majemadari wa Kihui ambao nao walikuwa Ma na Ma, wa familia tofauti, walioshika Gansu, Qinghai na Ningxia hadi mwaka 1949. Na karatasi zilizonusurika vita nyingi zilichomwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni yaliyoanza mwaka 1966. Anamjua baba wa babu yake, aliyekuwa akiuza sufu na ngozi. Baada ya hapo anaruka moja kwa moja hadi kwa mtu asiyejulikana aliyeitwa Muhammad. Nami baada ya babu yangu wa nne naruka moja kwa moja hadi Kondoa.

Kwa majina yetu matatu, jina langu, la baba na la babu, ukoo wetu hubadilika kila kizazi kama foleni inayosogea: babu akitoka mbele, mtoto anaingia nyuma. Yusufu hupata taabu na fomu zetu. Jina lake la mwisho si la ukoo, na la tatu hana, kwa hiyo kuna stakabadhi ambazo jina lake binafsi limekuwa la ukoo na Ma imekuwa jina la kupewa, na kuna moja ambayo Ma imeachwa kabisa, nadhani karani alidhani ni mwanzo wa neno ambalo halikumaliziwa.

Ramadhani iliyopita msikiti wetu wa mtaani ulichangisha fedha za kubadilisha tangi la maji ya udhu. Kijana aliyeshika daftari alikuwa amekaa karibu na mlango, akiandika jina na kiasi. Yusufu alipofika akatoa shilingi 20,000.

"Yusufu nani?" kijana akauliza.

"Ma."

"Ma nani, mzee wangu? Nataka jina la baba."

Yusufu alinitazama, nami nikatazama pembeni, maana mara ya mwisho nilipojaribu kumtafutia baba niliharibu. Akafikiri kidogo.

"Ni Muhammad," akasema. "Kwa kifupi."

"Ahaa," akasema kijana, akaandika kwa herufi kubwa: YUSUFU MUDI, 20,000.